Kisa cha Morogoro: mji mdogo, bendi mbili, na swali la mwenye vyombo

Sensa ya mwaka 1967 iliikuta Morogoro mjini ikiwa na watu elfu 25 hivi. Siku hizi zipo kata za Dar es Salaam zenye watu wengi kuliko hao. Lakini katika mji huo huo, miaka hiyo hiyo, zilikuwapo bendi mbili ambazo mtu wa Mwanza, wa Tanga au wa Mombasa mwenye redio alizijua kwa majina: Cuban Marimba na Morogoro Jazz. Ipo miji mikubwa ya Afrika Mashariki ambayo haijawahi kupata hata moja ya kiwango hicho.

Kisa hiki tumezoea kukisimulia kupitia watu wawili. Salum Abdullah, kiongozi wa Cuban Marimba, alikufa kwa ajali ya gari Novemba 1965. Mbaraka Mwinshehe, mpiga solo wa Morogoro Jazz, naye akafa kwa ajali ya gari Januari 1979, Mombasa. Wazee waliozisikia habari hizo redioni bado hushusha sauti wanapozieleza, na wana haki. Tatizo ni kwamba tukiishia hapo mji wenyewe unapotea. Inakuwa kana kwamba mafundi wawili walianguka kutoka mbinguni, wakatua chini ya milima ya Uluguru, kisha wakaondoka, na muziki ukaondoka nao. Mimi nataka tuitazame bendi kama mali: nani alinunua gitaa, nani alilitunza, nani alikaa mlangoni kukusanya viingilio, na ikawaje siku mpiga gitaa alipofunga virago. Nimeshawishika kwamba sababu za Morogoro kung'ara, na sababu za taa hizo kuzimika, zimo humo.

Tuanze na swali la kwa nini pale. Reli ya Kati ilifika Morogoro mwaka 1907 ikitokea Dar es Salaam, umbali wa kilomita 200 hivi. Baada ya reli yakaja mashamba ya mkonge, kuzunguka mji na kuelekea Kimamba na Kilosa. Mkonge unataka mikono mingi, na mikono hiyo ilitolewa mbali: manamba walioletwa kwa mkataba kutoka mikoa ya kusini na magharibi, wakikaa kambini na kulipwa kwa kadi. Mjini walikaa makarani, watu wa reli, mafundi cherehani, walimu wa misheni, Waarabu na Wahindi wa maduka, na Waluguru walioshuka na ndizi na mboga zao. Hakuna kabila moja lililoweza kusema ngoma yake ndiyo ngoma ya mji. Watu wa aina hiyo, wenye hela kidogo mwisho wa mwezi na Kiswahili kama lugha pekee ya kuwakutanisha wote, ndio hasa wanaohitaji dansi.

Mbegu ilikuwa imeshapandwa na beni. Tangu kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ngoma hiyo ya gwaride, yenye ngoma kubwa, tarumbeta na mavazi ya kijeshi, ilikuwa imetoka pwani na kusambaa bara, na vikundi vya Marini na Arinoti vikawa na matawi katika miji mingi ya Tanganyika. Wengi wanaikumbuka beni kwa mbwembwe zake, vyeo vya kifalme na sare. Kwangu jambo kubwa zaidi ni daftari lake. Kikundi cha beni kilikuwa na viongozi, kilichanga fedha, kilizika wafu wake, kiliwalisha wageni wake, na kilikuwa na mpinzani. Watu walijifunza humo kwamba muziki unaweza kuwa chama. Dansi ilipoingia miaka ya 1930, na Dar es Salaam Jazz ikaanza mwaka 1932, taratibu hizo zilihama kutoka kwenye gwaride hadi ukumbini zikiwa karibu nzima.

Morogoro Jazz ilianzishwa mwaka 1944. Neno jazi lisitupotoshe, kwani Marekani haikuwa na nafasi kubwa humo. Lilimaanisha bendi ya kisasa yenye magitaa, na baadaye saksafoni, inayopigia watu wanaocheza wawili wawili. Bendi za jazi za enzi hizo ziliendeshwa kama klabu. Kulikuwa na mwenyekiti, katibu na mweka hazina, na kulikuwa na wanachama ambao hawakujua kupiga chombo chochote ila walilipa ada, walisimamia mlango na walibeba viti. Wapigaji wenyewe wengi wao walikuwa na kazi zao za mchana. Mtu angeshinda ofisini au karakana mpaka Jumamosi, kisha usiku akashika gitaa. Mgao wa mlangoni ulikuwa nyongeza ya mshahara, na kwa wengine ulikuwa heshima zaidi kuliko hela.

Na vyombo vilikuwa vya klabu. Naliweka hili peke yake kwa sababu ndilo linalobeba uchambuzi wote. Gitaa, ngoma, tumba, saksafoni, na baadaye spika na amplifaya, vilinunuliwa kwa michango na viingilio. Mpigaji aliyehama aliondoka na vidole vyake tu. Jumamosi iliyofuata kijana mwingine, aliyekuwa akikaa kando ya jukwaa na kutazama, alipewa gitaa lile lile. Bendi ya namna hiyo inaweza kupoteza watu kila mwaka na bado ikawa bendi ile ile. Pia inageuka shule bila kukusudia, maana kijana asiyeweza kununua gitaa maishani mwake anapata mahali pa kulishika.

Cuban Marimba ilikuwa na asili tofauti kidogo. Salum Abdullah Yazidu, ambaye wapenzi walimfupisha kuwa SAY, alizaliwa Morogoro mwaka 1928, mtoto wa baba Mwarabu. Alikua wakati santuri za Cuba zilikuwa zimeshafika Afrika Mashariki. Zilikuwa zile zenye alama ya GV, zilizoletwa tangu miaka ya 1930, na vijana wa mijini walizikariri neno kwa neno ingawa hawakuelewa Kihispania hata kidogo. Mwaka 1948 akaunda kikundi kilichoitwa La Paloma, ambacho baadaye ndicho kikawa Cuban Marimba. Majina yote mawili yanaonyesha masikio ya vijana hao yalielekea wapi. Lakini ukisikiliza walichopiga, Cuba iko kwenye manyanga na kwenye mwendo wa ngoma tu. Mashairi ni ya pwani na bara: mafumbo, mawaidha ya ndoa, malalamiko ya mpenzi, na sifa kwa nchi iliyokuwa inakaribia Uhuru. Santuri zao zilitolewa na Mzuri, lebo ya wafanyabiashara wa Kihindi wa Mombasa, na kwa njia hiyo sauti ya Morogoro ikafika pwani yote kabla wapigaji wenyewe hawajafika.

Kuwa na bendi mbili katika mji wa kadiri ile kungeweza kuwa hasara, na kwa hesabu za duka ingekuwa hivyo. Kwa hesabu za muziki wa Waswahili ilikuwa faida tupu. Beni ilikuwa na Marini na Arinoti. Taarabu ya Dar es Salaam ilikuwa na Egyptian na Al-Watan. Mpira una Simba na Yanga. Mji wa Kiswahili hauna raha na kikundi kimoja. Unataka wawili ili kila mtu awe na upande. Hapo mchango wa wanachama unakuwa zaidi ya ada, unakuwa silaha. Wenzenu wameleta saksafoni mpya? Basi na nyinyi mtakwenda kukopa. Wenzenu wametoa wimbo wa kuwasema kwa mafumbo? Wiki mbili nyingi, jibu liwe limetungwa. Na mpigaji hodari alipokosana na upande mmoja hakulazimika kukimbilia Dar es Salaam, aliweza kuvuka mtaa tu. Nadhani hilo liliwabakiza mafundi mjini kwa miaka ambayo vinginevyo wangeshaondoka.

Jaribio la kwanza la ugumu wa mpango huu lilikuja Novemba 1965. SAY alipokufa, wengi walitegemea Cuban Marimba ifuate. Haikufuata. Juma Kilaza alichukua uongozi, nyimbo mpya zikatungwa, na bendi ikaendelea kurekodi na kupiga kwa miaka mingi baada ya msiba. Bendi iliyobeba jina na sura ya mtu mmoja, inayompoteza mtu huyo ghafla barabarani, na bado inapanda jukwaani! Kwangu huo ndio ushahidi mkubwa kuliko wote katika kisa hiki. Unaonyesha kwamba chini ya SAY kulikuwa na kitu kingine kilichoshikilia, na kitu hicho kilikuwa mji.

Upande wa pili wa mtaa, katikati ya miaka hiyo ya 1960, Morogoro Jazz ilimpata Mbaraka Mwinshehe, kijana aliyezaliwa mwaka 1944, mwaka ule ule bendi ilipoanzishwa. Kila anayejua gitaa atakuambia habari za mkono wake wa kulia, jinsi noti zinavyodondoka moja moja zikiwa safi, haraka lakini bila pupa. Watu walimwita Soloist National, na hakuna aliyeona jina hilo limezidi kipimo. Mimi ningependa tusikilize pia walio nyuma yake. Chukua santuri yoyote ya Morogoro Jazz ya wakati huo, zile ndogo za mizunguko 45. Upande wa kwanza una shairi na kiitikio: sauti mbili au tatu zimebanana, saksafoni zinaingia kujaza nafasi kati ya beti, rizimu inatembea, besi inakanyaga taratibu. Dakika tatu zinakatika, wimbo unazimwa polepole. Unageuza santuri. Upande wa pili unaanza pale pale ulipoachia, lakini sasa mashairi yamekwisha na magitaa yamepewa uwanja. Solo inashika kijimstari kifupi, inakirudia, inakigeuza kidogo, inakirudia tena, huku gitaa la pili likijibu na tumba ikipandisha. Mtu mmoja hawezi kuujenga muziki huo. Mpiga solo anapata uhuru wa kuranda kwa sababu wenzake watatu wamekubali kukaa mahali pamoja bila kuchoka, na kukubali huko hutoka kwa watu waliopiga pamoja Jumamosi nyingi.

Sehemu hiyo ya pili ndiyo iliyobeba mtindo. Kila bendi ilikuwa na mtindo wenye jina lake: Western Jazz walikuwa na Saboso, Atomic Jazz ya Tanga walikuwa na Kiweka, NUTA Jazz wakawa na Msondo. Morogoro Jazz walitamba na Sululu, na Likembe. Mtindo ulikuwa bendera ya klabu. Mpenzi alijitambulisha kwa mtindo kabla ya kutaja jina la mwimbaji, na alipousikia redioni alijua ni watu wake.

Redio ndiyo iliyoufanya mji mdogo uwe mkubwa. Matangazo yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 1951 yalikuwa yamekua hadi kuwa Radio Tanzania Dar es Salaam mwaka 1965, na kituo hicho kilirekodi bendi za nchi nzima katika studio zake za Barabara ya Pugu. Bendi ya mkoani ilipanda gari na vyombo vyake, ikaingia studio, ikapiga nyimbo zake mfululizo, na baada ya hapo zikasikika mpaka mipakani. Kazi iliyofanyika humo ni hazina kubwa, na bila hiyo leo tungekuwa tunabishana kwa kumbukumbu tupu. Pia iliipa bendi kazi ya kutangaza msiba na habari. Dkt. Wilbert Kleruu, mkuu wa mkoa wa Iringa, alipouawa huko Isimani siku ya Krismasi 1971, Morogoro Jazz walitunga wimbo wa kumlilia, na kuna watu ambao hadi leo wanakijua kisa cha Isimani kupitia wimbo huo kuliko kupitia gazeti.

Mwaka 1970 bendi hiyo ilikuwa imekwenda Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania kwenye maonyesho ya kimataifa ya Expo 70. Hebu tuwaze uzito wa jambo hilo. Nchi ilikuwa na bendi za jeshi, za polisi, za jumuiya ya wafanyakazi, zote zikiwa makao makuu. Aliyechaguliwa ni mtoto wa Morogoro.

Miaka mitatu baadaye Mbaraka aliondoka. Mwaka 1973 alianzisha Super Volcano, bendi yake mwenyewe, naye akawa kiongozi, mtunzi na kivutio. Nimesikia watu wakimlaumu kwa hilo, wengine wakiilaumu klabu kwa kutomtunza. Lawama zote mbili naona hazigusi mfupa. Mpango ule uliotunza vyombo ulikuwa na upungufu wake: uligawana mapato kwa namna iliyofaa wakati hela ilitoka mlangoni, ila haukujua la kufanya wakati hela ilipoanza kutoka kwenye santuri. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapisha santuri. Kanda zilikwenda Nairobi, kampuni zilikuwa Nairobi, na soko kubwa la wanunuzi lilikuwa Kenya. Kampuni haiwezi kuingia mkataba na mji. Inataka jina la mtu. Mara jina la Mbaraka lilipokuwa bidhaa, klabu haikuwa na jambo la kumpa ambalo angeshindwa kulipata peke yake, na mtu mwenye familia na kipaji cha namna ile alifanya uamuzi ambao wengi wetu tungeufanya.

Pigo la pili lilitoka Dar es Salaam, nalo halitajwi vya kutosha. Tangu NUTA Jazz ilipoundwa mwaka 1964 chini ya jumuiya ya wafanyakazi, mashirika na vyombo vya dola vilifuata: Jeshi, Polisi, Magereza, kiwanda cha nguo cha Urafiki, na wengine. Bendi hizo ziliajiri wanamuziki. Mshahara wa kila mwezi, vyombo vilivyonunuliwa na mwajiri, pengine nyumba na matibabu. Kwa mwanamuziki mmoja mmoja hii ilikuwa neema, na muziki bora kabisa ulitoka humo. Sitaki kuonekana naibeza. Kwa klabu za mikoani ilikuwa mwisho wa mashindano ya haki. Hakuna mweka hazina wa klabu aliyeweza kushindana na hazina ya shirika la umma. Kijana aliyefundishwa na gitaa la mji sasa alikuwa na mahali pa kulipeleka fundisho hilo palipomlipa akiugua.

Halafu uchumi ukabana. Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo, na ile njia ya Nairobi, yenye kiwanda na wanunuzi, ikawa ya kupita kwa tabu. Fedha za kigeni ziliadimika, kisha vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vikazimaliza kabisa. Hapo lile jambo lililokuwa nguvu ya klabu likageuka kuwa udhaifu wake. Klabu ilikuwa ni vyombo. Amplifaya ikiungua, nyuzi zikikatika, ngozi za ngoma zikipasuka, na dukani hakuna na fedha za kuagiza hakuna, klabu inabaki na daftari na wanachama. Mbaraka naye alikufa Mombasa wakati mpaka ungali umefungwa. Super Volcano, ambayo ilikuwa yeye, haikuwa na mtaa nyuma yake wa kumtoa Juma Kilaza mwingine.

Tukiviweka vifo hivyo viwili pamoja, 1965 na 1979, tofauti inajieleza. Cuban Marimba ilizika mwenye bendi ikaendelea, kwa sababu mwaka 1965 mji ulikuwa bado unaweza kununua vyombo, kubakiza vijana na kujaza ukumbi. Mwaka 1979 hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichowezekana. Kipaji hakikuwa kimekauka Morogoro. Kilikuwa kimeondolewa ngazi zilizokipandisha, moja baada ya nyingine, na nyingi kati ya hizo ziliondolewa na watu waliokuwa na nia njema.

Suala la mwenye mali halikuisha hapo, limehamia kwenye kanda. Nyimbo hizi zinapigwa kila wiki kwenye vipindi vya zilipendwa, Tanzania na Kenya, zinauzwa Ulaya kwenye mikusanyo mipya, zinasikilizwa kwenye simu. Sheria ya Hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 ilimpa mtunzi haki kwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Kwa hesabu hiyo, muda wa nyimbo alizotunga SAY ulikwisha mwaka 2015, kabla ya nchi haijawa na utaratibu wa kueleweka wa kumlipa mwanamuziki kwa wimbo unaopigwa redioni. Za Mbaraka zinafika 2029. Na zile zilizotungwa na klabu kwa pamoja, usiku wa mazoezi, mmoja akileta ubeti, mwingine kiitikio, wa tatu lile gitaa la upande wa pili wa santuri? Klabu haikusajiliwa kama mtunzi, haina warithi wa kwenda mahakamani, na majina ya wengi waliopiga hayakuandikwa kwenye lebo. Wapo ambao bado wako hai, wazee wa zaidi ya miaka 75 sasa. Kama kuna kazi moja ya haraka katika historia hii, ni kukaa nao mmoja mmoja na kanda ikiwa inapigwa, na kuandika nani alikuwa anapiga nini.